Nina daftari, na pesa bado zinaisha bila habari

Shangazi, shikamoo.

Naishi Kayole na mume wangu na watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 13, wa pili 8, na kitinda mimba 4. Nafanya kazi kwenye duka la uchapishaji karibu na River Road, na nikishakatwa yote ya kukatwa nabaki na shilingi 32,000, zinaingia kwa simu. Mume wangu ni fundi wa vigae. Yeye hulipa kodi ya nyumba na karo. Mimi ni chakula, nauli, stima, maji, gesi, na yale mengine ambayo ni mama tu huyaona.

Mwaka jana niliapa kwamba Krismasi haitanikuta sijajiandaa. Septemba nikaenda Gikomba nikamnunulia mdogo viatu vyeupe, vizuri kabisa, nikavificha juu ya kabati. Oktoba nikanunua pakiti sita za unga wa ngano, mafuta lita tatu na sukari kilo mbili, nikasukuma chini ya kitanda. Kufikia katikati ya Novemba unga umeliwa, mafuta yameisha. Jioni ambayo mfukoni hamna kitu na chini ya kitanda mna unga, utawaambia watoto nini? Tarehe 24 Desemba nikashusha vile viatu, kisigino kikakataa kuingia. Mtoto alilia, na mimi nikaenda kulilia bafuni.

Lakini kilichotumaliza ni nauli. Tulifika stendi tarehe 23. Gari la Kakamega tunalopanda kwa kama 1,000 siku za kawaida lilikuwa 2,500 kwa kichwa. Tulilipia viti vinne, mdogo nikampakata. Pesa hiyo ilikuwa ya nguo za wakubwa na zawadi ya mama mkwe. Nilifika kwake na kilo mbili za sukari na aibu.

Mwaka huu nimesema nianze na kujua pesa zinakwenda wapi. Shuleni tuliambiwa mali bila daftari huisha bila habari. Basi nikanunua daftari, nikaandika kila kitu kwa siku tisa, Jumatatu hadi Jumanne ya wiki iliyofuata. Siku ya tisa nikajumlisha nikapata 10,880. Kwa mwendo huo mshahara hauniishii hata mwezi, na hapo sijatoa 2,000 za chama, 2,000 za mama yangu kijijini, wala 1,250 za gesi. Nikafunga daftari. Sioni maana ya kuandika kitu kinachonitisha tu. Nimekunakilia kurasa zote tisa uzione mwenyewe. Tazama kwa mfano Jumanne ya kwanza: kutoa 500, nauli 160, chai na mandazi 40, chakula cha mchana 50, sukari robo 45, mboga na nyanya 120, mchango wa harusi ya mwenzetu kazini 200, bando 50, tokeni 100, sijui 70. Hiyo “sijui” utaiona mara nyingi.

Nilimwomba mume wangu naye aandike yake. Aliniambia sasa nimekuwa polisi wa nyumba, na tukanuniana siku mbili. Jirani naye ananiita kwenye kikundi cha Krismasi: unatoa 200 kila wiki, Desemba mnagawana unga, mafuta na sukari. Nimeandika lengo langu ni kuweka 20,000 kufikia Desemba. Kila tarehe 24 hivi naanza kutumia Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Nifanye nini, Shangazi? Watoto wameanza kuuliza kama tutaenda ushago.

Mama wa Watatu, Kayole

*

Marahaba, mwanangu.

Nimekaa na kurasa zako tisa jioni nzima, na jambo la kwanza nataka ulisikie kabla ya mengine yote: hukutumia 10,880. Ulitumia karibu 8,050. Daftari lako limehesabu shilingi 3,000 mara mbili.

Rudi kwenye ile Jumanne. Umeandika “kutoa 500”, kisha ukaandika nauli, mandazi, sukari na mboga ulizonunua kwa hiyo hiyo mia tano. Kutoa pesa kwa wakala si kutumia. Ni kuhamisha pesa kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, kama kuitoa kwenye pochi na kuitia kwenye mfuko wa koti. Umetoa mia tano mara sita kwa siku tisa, ndizo hizo 3,000. Ziondoe, unabaki na 7,880. Halafu kuna kitu ambacho hakipo hata kwenye ukurasa mmoja, nacho ndicho matumizi halisi: makato. Kwa wakala, kutoa kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 2,500 hukatwa shilingi 29. Mara sita ni 174. Umelipa 174 kuzishika 3,000 zako mwenyewe, na kwa sababu simu huzikata kimyakimya, kalamu haikuziona. 7,880 na 174 ni 8,054.

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo penye jibu la swali lako. 8,054 kwa siku tisa ni kama 895 kwa siku. Mwezi wa siku 30 ni 26,850 hivi. Ongeza chama, mama na gesi, jumla 5,250. Unapata 32,100. Mshahara wako ni 32,000. Unaona? Wewe si mfujaji. Nyumba yako inakula mshahara wote na kupitiliza kwa shilingi mia moja tu, na ndiyo maana tarehe 24 unajikuta kwenye Fuliza. Fuliza nayo ina ada ya kuichukua na ada ya kila siku inayokaa kwako, na pesa yoyote ikiingia kwenye laini hulipa deni kwanza. Kwa hiyo mshahara unaingia ukiwa tayari umepungua, na mwezi mpya unaanza na pengo la mwezi uliopita. Miaka yote hii umekuwa ukijilaumu kwa kitu chenye ukubwa wa shilingi mia.

Ulichokosea ni kutaka kuandika kila kitu. Hakuna anayedumu hivyo, na hasa mama anayetoka Kayole saa kumi na moja na nusu alfajiri. Simu yako inajiandikia yenyewe. Piga *334#, ingia kwenye akaunti yako, uombe taarifa ya M-Pesa. Itakuja kwa barua pepe ikiwa imefungwa, na namba ya kuifungulia utatumiwa kwa ujumbe. Mle mna kila shilingi iliyopita kwa simu na kila makato. Kwa hiyo daftari liandikie pesa taslimu peke yake. Jioni, kabla ya kuvua viatu, hesabu noti na sarafu zilizobaki, toa kutoka zile ulizokuwa nazo asubuhi, andika mstari mmoja au miwili. Taarifa ya simu isome mara moja kwa wiki, Jumapili baada ya kanisa, watoto wakiwa nje.

Na ile “sijui” yako. Nimeijumlisha: shilingi 460. Nimeipenda kwa sababu ni ukweli, wengi wangeandika “mboga” ili hesabu ikae sawa. Usiifute. Ipe mpaka. Kila Jumatatu jiwekee shilingi 250 ambazo hutaziandika wala kuziulizia, za njugu, za mtoto wa jirani, za mandazi ya pili. Zikiisha Alhamisi, zimeisha. Kwa mwendo wa sasa “sijui” inakula kama 1,500 kwa mwezi. Kwa mpaka huo itakula 1,000.

Kutoa pesa: toa 2,500 mara moja kwa wiki, uache nyingi nyumbani na ubebe za siku. Makato yanashuka kutoka karibu 580 kwa mwezi hadi 116. Najua unatoa mia tano tano kwa kuogopa kuibiwa kwenye matatu, na hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana nasema za siku tu ndizo zibebwe. Na pale dukani wanapopokea kwa nambari ya till ya Lipa na M-Pesa, lipa hapo hapo kwa simu. Mnunuzi hakatwi kitu, na malipo yanajiandika.

Sukari umenunua robo kwa 45 mara nne. Hiyo ni kilo kwa 180, na Jumapili umeandika kilo nzima kwa 155. Mafuta ya kupimia nayo ni hadithi hiyo hiyo. Mshahara ukiingia, nunua sukari, mafuta na chumvi za mwezi siku hiyo hiyo, nyanya na mboga uzibakishie mama mboga. Tokeni za mia mia usizihangaikie. Stima utakayotumia ni ile ile. Chakula chako cha kazini, 90 kwa siku, usikiguse. Mtu aliyeamka saa kumi hawezi kusimama kwenye mashine hadi jioni kwa chai ya mkono mtupu, na nitakataa kukushauri ujinyime hapo.

Michango ndiyo iliyonifanya nisimame. Shilingi 700 kwa siku tisa: 500 ya msiba, 200 ya harusi. Kwa mwezi inakaribia 2,300, zaidi ya unayomtumia mama yako mzazi. Msiba una haki yake na sitaki ujitoe kwa watu. Lakini weka 1,000 kwa mwezi, kwanza kwa waliofiwa, na harusi na sherehe za kazini zipate kinachobaki, hata kama ni 100. Kutuma hadi shilingi 100 hakuna makato, na jina lako litasomwa kwenye orodha kama majina mengine. Hapa utaona aibu mwezi wa kwanza. Vumilia.

Ukifanya hayo manne, kwa hesabu yangu unabakiwa na zaidi kidogo ya 2,000 kwa mwezi. Tuko Septemba, kuna mshahara wa Septemba, wa Oktoba na wa Novemba. Hiyo ni 6,000. Si 20,000, na sitakudanganya kwamba 20,000 ipo. Lengo lisiloweza kufikiwa ndilo lililofunga daftari lako siku ya tisa.

Lakini tazama mwaka jana kilichokumaliza. Viti vinne, kila kimoja kimepanda 1,500. Hiyo ni 6,000, kiasi kile kile utakachojikusanyia kwa miezi mitatu ya kujibana. Kwa hiyo manunuzi ya kwanza ya Krismasi yako mwaka huu yawe tiketi, wala si unga. Shule zinafunga mwishoni mwa Oktoba, na kazi za ujenzi hupungua Desemba. Mwambie mume wako atangulie na watoto kabla ya tarehe 15, stendi haijafurika, mdogo apakatwe na baba yake safari hii. Wewe ufuate peke yako kazi ikifungwa. Hata ukilipa bei ya juu, umeilipa kwa kiti kimoja badala ya vinne. Vile vitatu vimekuokolea kama 4,500. Kampuni nyingi za mabasi huuza tiketi mapema, basi ulizia mapema na utunze risiti. Na watoto wakitangulia, watume na chakula chao au pesa yake. Bibi asianze kuwalisha wiki mbili kwa kuku wake wa mayai.

Hapa ndipo utakapozungumza na mume wako, na umjie kwa swali hili moja. Usimpe daftari. Mtu anayelipwa leo vigae vya bafu na wiki mbili hana kitu, akiombwa kuandika kila siku anaona anaumbuliwa. Mweleze tofauti ya nauli, viti vitatu mara 1,500, umwulize tarehe gani kazi yao hufungwa. Hiyo ni hesabu ya fundi, ataipiga kichwani kabla hujamaliza kusema. Halafu mwombe yeye ndiye alipie tiketi hizo, Novemba, akipata kazi kubwa.

Viatu sasa. Kosa halikuwa kwenda Gikomba mapema, kosa ni kwamba mguu wa mtoto wa miaka minne haungoji. Nguo za wakubwa unaweza kuanza kuzitafuta Oktoba, kubwa kidogo, wakati wauzaji hawajaanza kusema bei za Desemba. Viatu vya mdogo viwe vya mwisho, wiki ya kwanza ya Desemba kabla hajasafiri. Jioni, mguu ukiwa umetanuka kwa kucheza, msimamishe juu ya kipande cha katoni, mwili wote ukiwa juu ya mguu huo, uchore kuzunguka kwa kalamu, uache nafasi ya upana wa kidole chako mbele. Kata. Nenda na hicho kipande Gikomba ukiingize ndani ya kiatu; kikijikunja, rudisha kiatu. Na wale wawili wa shule, nunua viatu vyeusi. Vitavaliwa kanisani Krismasi na darasani Januari.

Unga wa chini ya kitanda usirudie. Chakula kilichomo ndani ya nyumba yenye watoto watatu ni chakula cha leo, na hukukosea kuwalisha. Weka pesa mahali pasipokuwa na mkono wa haraka. Akaunti ya kufunga ya M-Shwari, ile akiba ya kwenye simu, unaipangia muda mwenyewe. Ipangie ifunguke karibu na wiki ya kwanza ya Desemba, na ile 2,000 iingie humo siku ile ile ya mshahara, kabla ya sukari na mafuta.

Kuhusu kikundi cha jirani, sikukatazi, lakini kabla ya mia mbili ya kwanza uliza pesa zinakaa wapi, na usikubali “zinakaa kwa simu ya mweka hazina”. Uliza ni watu wangapi lazima waidhinishe ndipo zitoke. Tangu 2022 kuna sheria ya kusajili vikundi vya kijamii, na kikundi kilichosajiliwa kina cheti, omba kukiona. Akikasirika kwa kuulizwa, umejibiwa. Na hata wakiwa waaminifu kabisa, 200 kwa wiki ni zaidi ya 800 kwa mwezi, na zitatoka kwenye hiyo hiyo 2,000. Tayari una chama kimoja. Mimi ningekiacha cha pili.

Limebaki jambo ambalo barua yako haikuligusa, na ndilo linalonikosesha raha. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba mapema. Ukilipwa tarehe 20, unaofuata ni tarehe 31 Januari: siku 42. Kwa 895 kwa siku, hizo ni kama 37,600, na wewe utakuwa na 32,000, na ndani yake Krismasi nzima. Njaanuari haitokani na uzembe wa mtu, imejengwa kwenye kalenda. Kwa hiyo siku mshahara wa Desemba unapoingia, kabla hujapanda gari, nauli ya kazini ya Januari yote ifunge pembeni. Kwa siku zako nane za kazi ulitumia 1,350, basi weka 4,500. Na unga ulioutamani Oktoba, ununue Desemba hiyo hiyo, ukae ukiwangoja mkirudi.

Mama mkwe mpigie simu mwezi huu. Mwambie watoto watatangulia, mwambie mwaka huu hamtakuja na vitu vingi, na umwombe akutafutie debe mbili za mahindi makavu na maharagwe kwa bei ya huko, mahindi ya kwao yatakuwa yameshavunwa, umtumie pesa polepole Oktoba na Novemba. Mwanamke aliyekuona unafika na kilo mbili za sukari na uso umeinama, aliumia kwa ajili yako. Mpe kitu cha kukusaidia nacho. Zawadi yake iwe leso moja nzuri, uichague mwenyewe, uishone pindo kabla ya kuondoka.

Mshahara wa Septemba ukiingia, fungua tena lile daftari ukurasa wa kumi. Andika juu: taslimu tu.

Shangazi